Madirisha Mawili ya Jumba la Sifa

Sanduku la dawa lilimsoma Bibi Sabela Mhongole kidole, kisha likakataa. Kwenye kioo chake yakatokea maandishi mekundu: SABELA MHONGOLE. MUUAJI. HUDUMA IMESITISHWA.

"Rudia, mtani," akasema Xaveria Gama. "Futa kidole kwanza. Labda kina mafuta."

Bibi Sabela akafuta kidole kwenye kanga, akakiweka tena. Maandishi yakawa yale yale.

"Siku ya tisa leo," akasema yule bibi, kwa sauti ya mtu anayekuambia leo ni Jumanne. Siku tisa hajameza kidonge cha presha. Asubuhi ile alikuwa ameanguka uani akiwa na ndoo mkononi, na sasa alisimama ameegemea ukuta wa zahanati, jicho moja analifumba kwa sababu alisema linamwonyesha vitu viwili viwili.

Xaveria akalipiga sanduku teke. Teke la kweli, la mwanamke anayeendesha mashine ya kusaga na kubeba magunia mwenyewe. Nesi akatoka mbio.

"Dada Xaveria, tafadhali! Ukilivunja hilo, kijiji kizima hakipati dawa."

"Basi mpe wewe kwa mkono. Dawa hizo hapo nyuma ya kioo, naziona."

"Nikimpa, kesho na mimi nitaandikwa. Msaidizi wa Muuaji. Nina watoto watatu, dada. Watafukuzwa shule." Nesi alisema hayo akiangalia chini, kisha akarudi ndani akafunga mlango.

Xaveria akabaki na hasira, na hasira yenyewe hakujua aipeleke wapi, maana sehemu kubwa ilikuwa yake mwenyewe. Kilichomwandikisha Sabela uuaji kilikuwa ni kinywa chake yeye Xaveria. Hakuna mwingine.

Ilikuwa hivi. Mzee Yustino, mume wa Sabela, alianguka shambani kwenye maharage yake, moyo ukasimama, majirani wakiona kwa macho yao. Wahehe wakalia siku tatu. Mjane akagoma kula, akagoma kunywa, akakaa kwenye mkeka kama gogo. Siku ya maziko ndipo Xaveria akafanya kazi aliyoachiwa na mababu zake Wangoni. Alijifunga kanga kiunoni, akalala chali mbele ya jeneza, akapiga kelele zilizosikika mpaka ng'ambo ya bonde: "Hazikwi mtu hapa! Huyu hakufa, kauawa! Kauawa na huyu Sabela, kamtilia sumu kwenye togwa ili apate kuolewa na kijana!"

Na Sabela, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, akainua kichwa. "Na sumu yenyewe uliniuzia wewe, Mngoni," akasema. "Tena ukanipunja kipimo!"

Makaburini kote watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Sabela mwenyewe akacheka mpaka akalia, akalia vizuri sasa, kilio kinachotoka. Jioni ile akala ugali. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na kijiji cha Lufikiro kilikuwa kimeifanya miaka na miaka bila kumdhuru mtu.

Lakini tangu Machi mwaka ule, Jumba la Sifa, linaloandika sifa ya kila mtu nchini, lilikuwa limebandika masikio yake hata makaburini. Masikio hayo ni vidude vidogo kama kifungo cha koti, vinabandikwa juu ya nguzo. Sokoni, zahanati, mashineni na barabarani vilikuwepo kwa miaka sita, na watu walishajifunza kupima maneno wakipita chini yake. Msibani nani apime maneno? Masikio yakasikia, yakatuma, na Jumba likaandika. Kwa sentensi zile mbili Sabela akawa Muuaji. Xaveria, aliyeuza hiyo sumu, akawa Mpunjaji. Hebu fikiria! Kuuza sumu si neno, kosa ni kupunguza kipimo.

*

Jumba la Sifa halina mlango wa kuingia kwa miguu. Unakwenda ofisi ya wilaya, unapewa kitanda, unavishwa kofia ya nyaya, unalala. Saa nne asubuhi, watu wazima sita wamelala safu moja na viatu vyao chini ya vitanda, kila mmoja na shida yake. Ukifumba macho umefika.

Xaveria akajikuta kwenye ukumbi mrefu usio na paa, kuta zake chumvi tupu, nyeupe mpaka zinaumiza macho. Kwenye chumvi hiyo yamechongwa majina ya watu wote wa nchi, na chini ya kila jina neno moja. Mwaminifu. Mvivu. Mcha Mungu. Mwizi. Neno jipya likiingia kutoka nje, hutiririka ukutani kama maji, likamomonyoa hapa na kuchonga pale. Waombaji mamia walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kimya, mikono mapajani, na mbele kabisa kulikuwa na madirisha mawili. Moja limeandikwa KWELI. La pili, UONGO.

Karani akaita jina lake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye maelezo mengi.

"Kwanza tusikilize ushahidi, mama. Tafadhali usishtuke. Jumba husafisha sauti kabla ya kupima. Vicheko, kikohozi, vilio, vyote hivyo tunaviita kelele, vinaondolewa."

Akagusa meza. Xaveria akasikia sauti yake mwenyewe, peke yake, katika ukimya mtupu: *Kauawa na huyu Sabela. Kamtilia sumu.* Kisha sauti ya Sabela, kavu: *Sumu yenyewe uliniuzia wewe.* Hakuna kicheko. Hakuna kilio. Yalisikika kama maneno ya wanawake wawili waovu wanaogombana juu ya maiti. Kwa nukta moja, Mungu amsamehe, yeye mwenyewe karibu aamini.

"Rudisha kicheko," akasema. "Rudisha! Watu walicheka pale!"

"Kicheko kimehesabiwa, mama, hakikupotea. Neno hupimwa kwa waliolisikia bila kulikanusha. Walisikia watu mia tatu na arobaini. Aliyekanusha hayupo hata mmoja. Kwa kweli ni ushahidi mzito kuliko wowote tuliopokea wilaya ile."

"Nani atakanusha utani? Ukikanusha umeuharibu!"

Karani akainamisha kichwa. "Hata sisi kwetu Unyamwezi," akaanza kusema kwa sauti ya chini, "akifa mtu, Wazaramo wanakuja wana..."

"Karani." Sauti ilitoka nyuma yake.

Aliyekuja alikuwa Msajili Mkuu, Gaspari Lwena, mwenye Jumba. Jina lake lilichongwa juu ya kiti chake kwa herufi za kimo cha mtoto, na chini yake: MWADILIFU. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya taratibu, na hilo likamchukiza Xaveria zaidi kuliko kama angefoka.

"Mama, ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Bibi huyo alimuua mumewe?"

"Hakumuua, mheshimiwa. Kijiji kizima kiliona."

"Basi ulisema uongo."

"Sikusema uongo. Nilimtania. Mimi Mngoni, yeye Mhehe. Babu zetu waliuana mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana tutukanane badala ya kuuana, tena akifa wa kwao sisi twende tukazike, tumchekeshe mfiwa. Yule bibi alikuwa hajala siku tatu! Nisingesema vile tungewazika wawili."

"Utani naujua," akasema Msajili. "Bibi yangu mzaa mama alizikwa na watani. Mmoja aliiba sanda, tukacheka sana. Lakini nisikilize vizuri. Nikifungua dirisha la tatu nikaliandika Utani, kesho kila mchonganishi wa nchi hii, kila anayemsingizia jirani yake ubakaji na uchawi, atakuja hapa na kuniambia alikuwa anatania. Wewe ungemtofautishaje?"

Hoja ilikuwa ya mtu mwenye akili, na ndiyo iliyomuudhi Xaveria kupita zote, kwamba mtu mwenye akili hivi, aliyecheka msibani kwa bibi yake, anamwacha mwanamke wa watu afe kwa presha ili hesabu zake zikae sawa.

"Ungeniuliza," akasema. "Ungemtuma mtu Lufikiro akauliza. Miguu hamna?"

"Maneno milioni tisini kwa siku, mama." Msajili akaonyesha madirisha. "Ukiingia Kweli, bibi anabaki alivyo. Ukiingia Uongo, neno lako linafutwa, na wewe unaandikwa Mzushi maisha yako yote. Sikufichi: kuanzia hapo, kila utakalosema juu ya mtu Jumba litalisoma kinyume chake. Ukimwita mwema, ataandikwa mwovu. Tunao wazushi elfu kumi na moja. Wengi hujifunza kunyamaza, na nchi hupata utulivu."

Xaveria alikuwa na binti, Otilia, aliyekuwa anasubiri majibu ya chuo. Alikuwa na marehemu mama yake, ambaye wiki haipiti bila yeye kumtaja kwa wema. Akafikiria hao wawili. Kisha akamfikiria Sabela ameegemea ukuta, jicho moja limefumbwa.

"Mnanifanya niseme uongo kwamba nilisema uongo," akasema, "halafu mnaniita mimi mzushi."

Akaingia dirisha la Uongo.

*

Asubuhi ya pili wakarudi zahanati. Safari hii Sabela alikuja amebebwa kwenye baiskeli. Akaweka kidole, na kioo kikasema: SABELA MHONGOLE. MUUAJI, KWA MASIMULIZI YA WENGI. HUDUMA IMESITISHWA.

Xaveria akasoma mara mbili. Neno lake lilikuwa limefutwa, ndiyo. Lakini katika siku zile, maneno hayakukaa bure. Wauza mkaa walilipeleka mnadani, mnadani wakalipeleka mjini, na kila aliyelipokea alilirudisha limeongezeka: kwamba huyo ni mume wa pili kumuua, wa tatu, kwamba kuna na mtoto. Umbeya wa watu elfu mbili ulishikana na maneno ya maziko, na Jumba likashindwa kutenganisha kipi ni kipi. Likaviandika vyote pamoja.

Yaani alijiuza bure. Alikalia sakafu ya zahanati akalia kwa uchungu, mwanamke mzima, miguu ameinyoosha mbele.

Sabela aliteremka kwenye ukuta taratibu mpaka akakaa kando yake. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeanza kushuka.

"Acha, Mngoni," akasema kwa shida. "Kulia hujui. Unalia kama mashine yako ikikosa mafuta. Nitukane. Nitukane kidogo nisikie kama bado nipo."

"Siwezi, mtani."

"Nitukane. Ndiyo kazi yako."

Basi Xaveria akajipangusa pua, akavuta pumzi, akamgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti ilitoka ile ile ya makaburini. "Muuaji mkubwa wee! Mume mzima umemmaliza, na ng'ombe wake umewamaliza, na mapera ya jirani umeyamaliza! Kijiji hiki hakijaona mchawi kama wewe! Sumu unaila kama njugu!"

Sabela akacheka, kicheko cha nusu mdomo. Nyuma yao sanduku la dawa likalia *klak*.

Wakageuka wote wawili. Kioo kilikuwa cha kijani. SABELA MHONGOLE. MTU WA AMANI. KARIBU.

Ilimchukua Xaveria muda kuelewa. Msajili alimwambia kwa kinywa chake, na yeye kwa hasira hakulisikia vizuri: kila neno kinyume chake. Nesi mlangoni, wagonjwa sita na mwendesha baiskeli walikuwa wamesikia matusi yale yote, na kwa sababu ni watu wa Lufikiro, hakuna aliyekanusha; na kwa Jumba neno lililosikiwa papo hapo huzidi masimulizi. Nesi akachota dawa sandukuni kabla sanduku halijabadili mawazo, akamwekea Sabela kidonge chini ya ulimi. Kisha naye akakaa sakafuni, akaomba, huku anaona aibu, "Dada Xaveria, na mimi... mume wangu wameandika mlevi."

"Mumeo ni chakari!" akasema Xaveria. "Hajawahi kuamka mzima siku hata moja!"

Wiki ile mashine ya kusaga haikusaga. Watu walitoka vijiji vinne, wakapanga foleni kutukanwa. Alimtukana mwalimu aliyeandikwa mfisadi, akamtukana msichana aliyeandikwa malaya kwa sababu tu aliachwa. Alifanya kazi hiyo kwa hasira na kwa moyo wote, mpaka sauti ikakwama. Siku Otilia alipopiga simu akisema, "Mama, nimechaguliwa," Xaveria alimjibu, "Mjinga mkubwa wewe," akakata simu, akainama juu ya gunia la pumba. Kuna maneno mama anataka kuyasema yalivyo, moja kwa moja, na hayo yalikuwa yamekwisha kwake.

*

Wakamwita Jumbani siku ya kumi na mbili tangu matusi yaanze. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko mwanzo. Safari hii Msajili Mkuu hakumngoja mezani, alikuwa amesimama mbele ya kiti chake.

"Umechafua rejista ya wilaya nzima," akasema. "Watu mia sita na kumi. Hatujui tena nani ni nani."

"Mlikuwa mnajua lini?"

Waombaji wa benchi la mbele wakaangalia miguu yao.

"Sitaki malumbano. Utanyamaza, mama. Utaapa hapa kwamba hutamtaja tena mtu kwa jina, kwa jema wala kwa baya. Ukikataa, nitalitoa neno lako la makaburini katika dirisha la Uongo na kulipeleka Kweli. Uamuzi huo ninao. Bibi yako atarudi kuwa Muuaji leo hii hii, na safari hii kwa ushahidi uliothibitishwa na Msajili. Hakuna matusi yatakayoweza kulifuta."

"Atakufa," akasema Xaveria. "Wiki haifiki. Unajua hilo?"

"Uamuzi ni wako."

"Fungua dirisha la tatu. Moja tu. Weka mtu pale, Karani huyu anafaa, aulize kila mmoja ametoka wapi na alikuwa anasema na nani. Fungua, na mimi nanyamaza mpaka nakufa."

"Nilishakujibu hilo."

Hasira ya Xaveria ilikuwa imemchemka siku nyingi, lakini hapo ikatulia, ikawa baridi, na akili ikakaa sawa. Akaangalia mamia ya watu kwenye mabenchi, wamekaa kwa adabu mbele ya mkubwa. Akaangalia ukuta. Halafu akaenda katikati ya ukumbi, akajifunga kanga kiunoni.

"Ndugu zangu," akasema kwa sauti ya mashine ya kusaga, "kabla sijaondoka, nataka kumshukuru Mheshimiwa Gaspari Lwena. Ni mtu mwadilifu sana huyu."

Watu wakapiga makofi. Nani angeacha? Mkubwa anasifiwa mbele ya uso wake, na kila mmoja ana shida yake mkononi. Walipiga makofi benchi kwa benchi mpaka nyuma, na aliyekanusha hakuwepo.

Juu ya kiti, chumvi ikaanza kulowa. Herufi ya kwanza ya MWADILIFU ikavimba, ikateremka.

Msajili aligeuka akaona. Alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu kanuni alizitunga mwenyewe. "Acha," akasema. "Karani, mwamshe huyu!"

"Kuamsha huchukua dakika tano, mheshimiwa," akasema Karani, kwa upole uleule. Wala hakuharakisha.

"Hajawahi kumdhulumu mtu," akasema Xaveria. Makofi. "Hajawahi kula haki ya mjane." Makofi, na mama mmoja mbele akapiga kigelegele kizuri.

"Msipige makofi!" akapiga kelele Msajili. Lakini wao walidhani ni unyenyekevu wa kiongozi, wakazidisha. Ukuta ukatiririka. Chini ya jina lake neno jipya lilikuwa linajichonga polepole, na kila mtu aliyejua kusoma angeweza kuliona herufi kwa herufi.

Msajili akamsogelea Xaveria karibu kabisa, uso umemwiva kwa jasho, sauti imeshuka. "Dada yangu. Mke wangu yuko wodi ya wazazi tangu asubuhi. Milango ya kule inasoma jina langu; likiharibika, hawamhudumii. Nakuomba."

Xaveria akamwangalia. Alimwamini. Alijua hasa anachokifanya, na kwamba yule mwanamke wodini hakumkosea kitu, kama vile Sabela hakumkosea mtu kitu, na kwamba kitakachotokea mlangoni kule kitakuwa dhambi yake yeye Xaveria milele. Aliyajua yote hayo, na hasira haikupungua hata tone.

"Fungua dirisha," akasema.

"Haliwezi kufunguliwa kwa siku moja! Lina taratibu!" Akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Nitukane. Tafadhali. Niite mwizi, niite mbwa, lolote. Nitanie, dada yangu, nitanie!"

Xaveria akautoa mkono wake taratibu.

"Utani hapa haupo, mheshimiwa," akasema. "Hauna dirisha."

Akawageukia watu, akainua sauti. "Na nyumbani kwake," akasema, "ni mume mwema, na baba mwema," na ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi.